Mwenye Tarehe Ndiye Hulipwa

Shangazi yangu ana vidole visivyosomeka. Amesuka makuti tangu utotoni, huko nje kidogo ya Kaloleni, na mnazi umemla ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hilo, msikilizaji, lisingekuwa na nafasi katika mazungumzo yetu ya leo kama si siku ile niliyomsindikiza kuchukua pesa zake za wazee. Wakala wa benki alikuwa na kimashine kidogo: unabonyeza dole gumba, taa inawaka kijani, unapewa chako. Shangazi akabonyeza. Nyekundu. Akapangusa kidole kwa leso, akabonyeza tena. Nyekundu. Yule kijana akamwambia, kwa heshima kabisa, "Mama, hebu jaribu kingine." Wakajaribu vidole vinane. Cha tisa, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakina kazi nyingi kwenye makuti, ndicho kilichomtambulisha shangazi yangu kwa Serikali ya Kenya.

Akapewa shilingi 4,000. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na safari hiyo ilikuwa miezi miwili kwa pamoja, tena imechelewa hata wazee wenyewe waliokaa pale chini ya mwembe walikuwa wakibishana ni miezi ipi hasa. Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja dukani. Mwenye duka akatoa daftari lake, lile la jalada gumu, akalamba kidole, akafunua mpaka kwenye jina. Unga, sukari, mafuta, dawa ya kifua, unga tena. Jumla 3,150. Shangazi akahesabu noti mara mbili, akasimama pale pale mpaka akaona deni limepigwa mstari, ndipo akageuka. Mkononi kulibaki 850, na humo bodaboda alikuwa anangoja 200 zake za kwenda na kurudi.

Nataka tulisome daftari lile leo. Watu wakitaja nakisi ya bajeti, hutaja kana kwamba ni kitu kinachokaa Nairobi, ghorofani kwenye jengo la Hazina, kikilindwa na askari. Mimi nimeiona nakisi imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, mbele ya jina la shangazi yangu.

Tuanze na hesabu, halafu tutarudi Kaloleni. Tarehe 12 Juni 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alisimama Bungeni na mkoba wake akasoma bajeti ya mwaka 2025/26. Matumizi yote: takriban shilingi trilioni 4.29. Pengo kati ya matumizi hayo na kile serikali ilichotarajia kukusanya na kupewa: bilioni 923, au asilimia 4.8 ya pato la taifa. Ukizigawa, utaona kwamba katika kila shilingi 100 ambazo serikali ilipanga kutumia, shilingi 21 na ushei hazikuwapo. Zaidi ya theluthi mbili ya pengo hilo ilipangwa kukopwa humu humu nchini, na iliyobaki nje.

Wachumi huudhika ukilinganisha serikali na nyumba ya mtu, na wana haki. Mimi sina uwezo wa kumtoza jirani kodi, wala kuchapisha noti, wala kuahidi kwamba nitakuwapo miaka 50 ijayo. Serikali inaweza yote hayo. Kwa hiyo nakisi peke yake si aibu. Nchi nyingi tajiri zina nakisi kila mwaka na hakuna anayelala njaa kwa sababu hiyo. Nakisi ni swali tu, nalo ni hili: pengo limepatikana, nani atalibeba?

Waswahili tuna usemi wetu wa siku zote, kukopa harusi, kulipa matanga. Ni usemi mzuri lakini umekusudiwa mtu mmoja, aliyecheka juzi na leo analia. Kwenye deni la taifa mambo hayaendi hivyo. Harusi huliwa na watu fulani, kwenye ukumbi ambao wewe hukualikwa, na matanga yakiisha kutandikwa mikeka huletwa nyumbani kwako.

Mfano ninao. Juni 2014 Kenya iliingia kwa mara ya kwanza kwenye soko la dunia kuuza hatifungani za dola, zile tulizozoea kuziita Yurobondi. Ziliuzwa za dola bilioni 2, na mwishoni mwa mwaka zikaongezwa nyingine za milioni 750. Wakati ule sifa zilikuwa nyingi. Magazeti yalituambia dunia ina imani nasi, wawekezaji wamepigania foleni. Fungu kubwa zaidi, lililokuja kufikia dola bilioni 2, lilikuwa la miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Dola moja siku hizo ilikuwa shilingi 87 hivi. Basi bilioni 2 za dola zilikuwa kama shilingi bilioni 174.

Miaka 10 ni mingi kwa mwanasiasa. Ni chaguzi mbili. Ni nadra aliyetia saini kuwa ndiye atakayelipa, na Hazina nao walifanya kama mtu aliyepewa mwaka mzima kulipa karo: mpaka Novemba hajaweka kando hata senti. Januari 2024 ilipofika, shilingi ilikuwa imeporomoka mpaka 160 kwa dola na kupita. Deni lile lile la dola bilioni 2, bila kuongezwa hata senti moja, sasa lilikuwa shilingi bilioni 320. Kwenye soko watu wakaanza kujiuliza kama Kenya itafuata njia ya Zambia iliyoshindwa kulipa mwaka 2020, au ya Ghana mwaka 2022. Februari serikali ikakopa upya, dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili inunue sehemu kubwa ya lile deni kuukuu kabla halijaiva. Shilingi ikapumua, ikarudi kwenye 130 hivi. Hofu ikaisha. Nami nakiri kwamba lilikuwa jambo la lazima. Kushindwa kulipa kungetuumiza zaidi.

Lakini ngoja tupige hesabu moja, ya karatasi na kalamu tu. Riba ya mkopo huo mpya, riba peke yake kabla hujagusa mtaji, ni dola milioni 146 kwa mwaka. Kwa shilingi 130, hiyo ni bilioni 19. Mzee mmoja wa Inua Jamii anapewa 24,000 kwa mwaka. Gawanya. Utapata wazee karibu 790,000. Riba ya mkopo mmoja, mkopo wa kulipia mkopo, ingewalipa wazee laki saba na elfu tisini mwaka mzima.

Naona mtu ameshanyanyua simu anataka kuniambia kwamba wazee nao hawalipwi kwa hewa, ni lazima pesa zitoke mahali. Ni kweli, nitamfikia. Kwanza nimalize la 2014. Lile deni lilipangiwa kuiva Jumatatu, tarehe 24 Juni 2024. Sehemu iliyokuwa imebaki, zaidi ya dola milioni 550, ikalipwa. Kesho yake, Jumanne tarehe 25 Juni, vijana waliingia Bungeni.

Sisemi moja lilizaa lingine usiku ule. Nasema yalikuwa ndani ya kalenda moja. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuongeza kodi za shilingi bilioni 346. Mwanzoni ulitaka asilimia 16 kwenye mkate. Ulitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lako kila mwaka. Mkate na gari viliondolewa wiki moja kabla, lakini wakati huo barabara zilikuwa zimeshajaa, na vijana walikuwa wameshausoma mswada kifungu kwa kifungu kwenye simu zao, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine. Sijaona maishani mwangu hati kavu kama mswada wa kodi ikasomwa na watu wengi namna ile. Tarehe 26 Rais William Ruto akasema hatatia saini. Waliouawa katika maandamano ya wiki zile tume yetu ya haki za binadamu iliwahesabu kwa makumi. Na Rais mwenyewe, akieleza kwa nini kodi zile zilihitajika, aliwaambia wananchi kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, 61 huenda kwenye madeni.

Baada ya mswada kuanguka, lile pengo la bilioni 346 halikuanguka nalo. Serikali ilitangaza itakata matumizi ya bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Yaani nusu kupunguza, nusu deni jipya.

Sasa, wakikata, wanakata wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha yale ninayotaka kusema leo, na sheria iko wazi kuliko mimi. Fungua Katiba ya 2010. Ibara ya 43 inasema kila mtu ana haki ya afya, ya elimu, ya kutokuwa na njaa, na kwamba serikali itampa msaada wa kijamii asiyeweza kujikimu. Maneno mazito. Lakini ibara ya 21 inaeleza kwamba haki hizo zitatimizwa hatua kwa hatua. Endelea kufunua mpaka ibara ya 214. Huko utakuta kwamba deni la umma linatozwa kwenye mfuko mkuu wa serikali. Hakuna hatua kwa hatua pale. Pesa za wakopeshaji hutoka kwanza, kabla wabunge hawajaketi kugawana kilichobaki kati ya shule na hospitali na wazee. Na mkopeshaji wa dola ana zaidi ya ibara. Ana mkataba wenye tarehe, ana mawakili London na New York, ana mashirika yanayoipa nchi alama kama mwalimu mkali. Akicheleweshwa wiki moja, dunia nzima inajua.

Shangazi yangu akicheleweshwa miezi mitatu, anayejua ni mwenye duka.

Ndiyo maana nasema nakisi haipotei ikikatwa. Inashuka ngazi. Inashuka mpaka impate mtu asiye na tarehe kwenye karatasi yoyote, na hapo inakaa. Mzee halipwi kwa wakati, kwa hiyo anakopa unga. Mwenye duka naye hajalipwa, kwa hiyo anamwomba msambazaji amvumilie. Jumla ya deni la taifa ambayo Hazina huitangaza, ile iliyokuwa kama trilioni 1.9 katikati ya mwaka 2013, ikafika trilioni 8.6 katikati ya 2022 na takriban trilioni 11.8 katikati ya 2025, haijahesabu daftari hata moja la duka.

Nina rafiki anayeuza nafaka kwa jumla katika soko la Kongowea. Mtu wa maneno machache, mwenye tumbo la heshima na kalamu sikioni. Kwa miaka kadhaa ameipelekea shule moja ya sekondari ya bweni mahindi na maharagwe. Utaratibu ni kwamba anapeleka magunia mwanzo wa muhula, mwalimu mkuu anatia saini kwenye hati ya kupokelea mzigo, na kapitesheni ikiingia kutoka Nairobi analipwa. Kapitesheni, kwa msikilizaji aliye nje ya Kenya, ni ule mgao ambao serikali humlipia kila mwanafunzi. Kwa sekondari kiwango kilichopangwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Shule zinaupokea kwa vipande, vipande vinachelewa, na havijai. Julai 2025 Waziri Mbadi mwenyewe aliwaeleza wabunge kwamba pesa zilizopo hazitoshi kiwango hicho, kwamba kinachopatikana ni chini ya 17,000. Makelele yakawa makubwa, na serikali ikajibu kwamba elimu itaendelea kuwa bure. Naam. Bure ile ile, kwa pesa zile zile.

Siku moja nilimkuta rafiki yangu ameketi juu ya gunia, ana zile hati za kupokelea zimefungwa kwa mpira, kitita kinene kama kitabu cha simu cha zamani. Mihula miwili hajalipwa. Nikamuuliza kwa nini asiache kupeleka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiache kupumua. "Nikiacha, hizi atalipa nani?" Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema yeye ndiye benki ya serikali, ila benki isiyotoza riba. Kwa sababu ili anunue mzigo mwingine, amekopa kwenye benki ya kweli, na huko riba anatozwa kila tarehe 5 ya mwezi, liwe jua iwe mvua.

Zidisha rafiki yangu huyu kwa nchi nzima. Kufikia katikati ya 2024, madai ya wazabuni na wakandarasi ambayo serikali kuu ilikuwa haijayalipa yalipita shilingi bilioni 500, na serikali za kaunti zina ya kwao kando. Hizo ni pesa zilizokopwa kutoka kwa watu ambao hawakuombwa mkopo. Waliombwa maharagwe.

Na hata kwenye malimbikizo kuna wakubwa na wadogo. Wakandarasi wa barabara walikuwa wakidai, miradi imesimama, mashine zimeota kutu. Mwaka 2025 serikali ikabuni njia. Katika kila lita ya petroli au dizeli unayonunua, shilingi 25 ni za kutunza barabara. Ikachukua shilingi 7 katika hizo 25, ikaziweka rehani kwa miaka ijayo, ikapata shilingi bilioni 175 taslimu za kuwalipa wakandarasi. Wenyewe hawapendi uliite deni. Wanasema ni kugeuza mapato yajayo kuwa pesa za leo. Mimi sina lugha ya kitaalamu hivyo. Kwetu mtu akiuza nazi zilizo bado maua juu ya mnazi, tunajua amefanya nini. Lakini ona kwamba njia ilipatikana. Barabara zina lita za petroli za kuweka rehani. Maharagwe hayana.

Mtu wa simu, bado upo? Karibu. Najua hoja yako, na wako wengi wenye heshima wanaoisema: kwamba haya matumizi ya kijamii ndiyo chanzo, kwamba serikali imeahidi elimu bure na matibabu na pesa za wazee bila kuwa na kitu mfukoni, na ikiendelea hivyo itazama. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kuahidi shilingi 22,244 ukijua una 17,000 ni uongo, na uongo huo hulipwa na mwalimu mkuu anayejificha ofisini akiona gari la mwenye nafaka. Afadhali mtu aambiwe ukweli kwamba serikali inaweza kulipa kiasi gani, mzazi ajue lake. Nusu ya pili naikataa. Kupanda kwa deni letu kutoka trilioni 1.9 hadi 11.8 hakukutokana na elfu mbili za wazee. Anayetaka kujua kulikotokana na nini, aje hapa Mombasa atazame reli.

Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, kwa mikopo ya benki ya Exim ya China iliyozidi dola bilioni 3. Nimeipanda, ni starehe, kiti kizuri, unaona ndovu wa Tsavo ukinywa chai. Watu hujaa hasa msimu wa sikukuu. Lakini reli ile ilikopewa kwa hesabu ya mizigo, si ya abiria. Na mizigo isipotosha, inatafutwa kwa amri. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yapande treni, na wenzetu wa Changamwe, Miritini na Mariakani wanakumbuka yaliyofuata: madereva wakakaa, maghala yakafungwa, mama aliyekuwa anauza wali kwenye maegesho ya malori akarudi bara kwao. Mjini tuliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri iliondolewa Septemba 2022. Mikataba yenyewe ya mkopo ilikaa gizani miaka mingi, kipande chake kikaonyeshwa umma Novemba 2022 baada ya serikali kubadilika. Na kila aliyenunua kitu cha kutoka ng'ambo tangu 2013, awe ameipanda au hajawahi kuiona, amechangia kupitia ushuru wa maendeleo ya reli. Mwaka 2025 Kenya ilikubaliana na China kugeuza mikopo hiyo kutoka dola kuwa yuani, na Hazina ikasema itaokoa dola milioni 215 kwa mwaka. Nawapongeza. Nakumbuka tu kwamba ni akili ambayo ingefaa kutumika siku ya kukopa.

Kuna deni jingine ambalo halina kelele kwa sababu halina Mchina wala dola ndani yake. Ni lile la ndani. Februari 2024, wiki ile ile ya Yurobondi mpya, Benki Kuu iliuza hatifungani za miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, tena riba isiyotozwa kodi. Watu walizigombania kama samaki wa asubuhi Forodhani. Serikali ikachukua shilingi bilioni 240. Walionunua ni nani? Mabenki, mifuko ya pensheni, makampuni ya bima, vyama vya akiba na mikopo, na watu binafsi wenye akiba. Mimi simlaumu aliyenunua. Baadhi ya pesa hizo ni pensheni ya msikilizaji mwenyewe. Lakini ifuate shilingi mpaka mwisho. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, inalipwa na kila anayepanda matatu. Sehemu yake inakwenda kulipa riba kwa mwenye hatifungani, naye hakatwi hata senti ya kodi juu ya riba hiyo. Halafu rafiki yangu wa Kongowea alipokwenda benki siku zile kuomba mkopo, meneja alimtazama, akaitazama asilimia 18 ya serikali isiyo na usumbufu wala magunia, na unajua alichagua nani.

Wakubwa wetu waliokuwa na watoto wagonjwa mwishoni mwa 1989 wanalijua jambo hili, la deni kubana huduma, kwa jina jingine. Mwaka ule ndipo hospitali za serikali hapa Kenya zilipoanza kutoza ada, miaka ya masharti ya IMF na Benki ya Dunia, na tukafundishwa neno zuri la kuchangia gharama. Tanzania nao walipita humo miaka michache baadaye. Na Tanzania hiyo hiyo, mwaka 2001, madeni yake yalipopunguzwa kwa mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ilifuta karo za shule za msingi, madarasa yakafurika watoto mpaka wengine wakaketi chini. Kwa hiyo uhusiano wa deni na dawati si nadharia. Moja likipanuka, jingine linabanwa, na mara chache sana dawati ndilo linaloshinda.

Ningependa mambo mawili, nayasema haraka kwa kuwa muda wetu unakwisha. Kwanza, malimbikizo yaandikwe kwenye kitabu kimoja na deni la taifa, na mwenye maharagwe alipwe riba akicheleweshwa, kama anavyolipwa mwenye dola. Utashangaa serikali itakavyopata kasi. La pili, mzee apewe tarehe. Shilingi 2,000 si nyingi, na sidai leo ziongezwe. Nadai ziwe na siku kwenye sheria, ziingie siku hiyo kila mwezi, na zikikosekana waziri aje Bungeni aeleze, kama ambavyo angeeleza kama tungekosa kuwalipa wale wa London.

Ule mkopo wa 2024 una tarehe zake tayari. Riba yake hulipwa Februari na Agosti. Mtaji wake utalipwa kwa awamu tatu, 2029, 2030 na 2031. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi nikaenda nayo Kaloleni, maana nilitaka kumwonyesha shangazi mfano wa mtu anayejua atalipwa lini. Nilimkuta barazani, kuti moja magotini, linasukwa bila kutazamwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, na zenu za mwezi huu, zinakuja lini?

Akacheka. "Mwanangu, wewe si ndiwe wa redio? Wewe ndiwe wa kutwambia."